Salongo Anajua Kiswahili: Uchambuzi wa Mswada Mmoja wa Masaka

Mswada ulionifikia ulikuwa na kurasa zaidi ya mia tatu, na sehemu kubwa ya hadithi yake inatokea Masaka, mji wa kusini mwa Uganda, na vijiji vyake kati ya 1972 na 1979. Aliyeuandika ni mama anayeuza vitenge Kikuubo, katikati ya Kampala, katika vile vichochoro wanamokutana wateja kutoka Kongo, Rwanda, Sudan Kusini na Kenya, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha bei. Alizaliwa Bombo. Mama yake ni Mnubi, wa ile jamii ya Uganda yenye asili ya askari wa Sudan, baba yake ni Muganda mwenye asili ya Masaka. Kiswahili alikipata utotoni upande wa mama, kisha akakinoa kwa riwaya za Tanzania alizowaagiza madereva wa malori wamletee. Habari za vita alizipata upande wa baba, kwa mashangazi. Ameniruhusu niieleze kazi yake bila kumtaja.

Mchapishaji mmoja nje ya Uganda alikuwa ameurudisha mswada huo na maelezo mafupi: wahusika wote wanaongea kwa sauti moja, mazungumzo hayashawishi. Mwandishi alitaka tushughulikie hilo, yaani tuyatengeneze mazungumzo. Aliyeandika maelezo yale aliona sawasawa, ila alichokiona ni dalili. Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimekutana na dalili hiyohiyo katika miswada mingi ya Kiswahili inayoandikwa nje ya pwani, na karibu kila mara tiba inayotolewa huzidisha ugonjwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Salongo, yaani baba wa mapacha, ni fundi cherehani katika duka la Mhindi mjini Masaka. Agosti 1972 Idi Amin anatangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Mwenye duka anaondoka, duka linagawiwa mtu mwenye ndugu jeshini, mmoja wa wale walioitwa mafutamingi, na Salongo anabaki akiajiriwa na mtu asiyeweza kutofautisha pamba na poliesta. Vitambaa vinaadimika, fundi anaingia magendo kidogo kidogo. Kisha vinakuja vita: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yanaingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, nayo Tanzania inajibu, mwishoni mwa Februari 1979 Masaka inatekwa na kubomolewa, na tarehe 11 Aprili Kampala inaanguka. Katikati ya yote yupo binti wa Salongo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja mwaka wa vita, na bibi yake, ambaye nyumba nzima humwita Jjajja.

Utafiti wake haukuwa na kasoro kubwa. Mwandishi alijua kwamba watu waliyaita makombora ya Watanzania saba saba, na wanajeshi wenyewe wakawaita bakombozi. Alijua kwamba gomesi moja, lile vazi la heshima la wanawake wa Kiganda, inaweza kula kitambaa hadi mita sita, kwa hiyo mwaka 1977, kitambaa kikiwa cha kutafutwa kwa siri, kumshonea binti wa kuolewa ni uamuzi wa ukoo mzima. Sura yake ya mita hizo sita ilikuwa nzuri tangu rasimu ya kwanza na haikuguswa hata baadaye. Tatizo lilikuwa kila mahali watu walipofungua vinywa.

Nitachukua tukio moja tu, kizuizi cha barabarani, kwa sababu ndipo kisa chote kilipofumbuliwa. Ni Januari 1979. Salongo na binti yake wanatoka Kyotera kumwona mgonjwa. Basi linasimamishwa na wanajeshi. Katika rasimu ya kwanza tukio lilikuwa hivi:

"Habari za jioni, mzee. Naomba kitambulisho chako," askari alisema kwa ukali.
"Hiki hapa, afande. Tunatoka kumjulia hali mgonjwa wetu huko Kyotera," Salongo alijibu kwa hofu.

Ondoa "kwa ukali" na "kwa hofu" na hapo panabaki wanaume wawili waungwana wakizungumza kituoni. Ukali na hofu vimebandikwa nje ya sentensi, kwa sababu ndani ya sentensi havimo. Wala havingeweza kuwamo, kwa vile msomaji wa Tanga au Zanzibar anasoma askari akiongea Kiswahili, Salongo naye akiongea Kiswahili, na haoni lolote la ajabu.

Lakini Masaka ya 1979 hapo pana jambo zima. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi wa vijijini kilibaki kuwa sauti ya kizuizini na sauti ya anayegonga mlango usiku. Baada yake, miaka ya themanini, watu wakaongezewa maneno mengine yaliyoingia kila nyumba kwa njia hiyohiyo: panda gari, amri ya wanajeshi waliokuwa wakiwazoa raia katika misako. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Nafurahia hatua hizo kwa moyo wote. Hata hivyo wapo wazee leo, hapo hapo Masaka, ambao ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakutazama mikono kwanza. Riwaya ya Kiswahili inayotaka kusimulia miaka ile na kuliacha hilo nje imeacha nje hofu yenyewe.

Basi mwandishi alipopata maelezo ya mchapishaji alifanya kile ambacho karibu kila mtu angemshauri akifanye: alitia rangi. Rasimu ya pili ikawa hivi:

"Wewe mzee, natoka wapi?"
"Ssebo (bwana), mimi tatoka Kyotera kulamusa (kusalimia) mulwadde (mgonjwa)."

Askari amepona. "Wewe mzee, natoka wapi" ndicho Kiswahili cha kizuizini, na mtu aliyekisikia anakitambua mara moja. Lakini tazama yaliyompata Salongo. Mabano yanamkatiza kila baada ya neno, na sarufi yake imevunjwavunjwa. Mbaya zaidi, mwandishi alitumia lugha hiyo ya kubabaika hata nyumbani kwake. Jjajja, ambaye katika hadithi ndiye anayeitwa kuamua kesi za mashamba kwa sababu ya ufasaha wake, akawa anasema kama mgeni asiye na maneno, akiwa jikoni kwake, akiongea na mjukuu wake, kwa Luganda. Hilo liliniuma. Hakuna mtu anayebabaika katika lugha ya mama yake. Ukimwandika mzee wa kijiji kwa lugha iliyokatika ili msomaji ajue kwamba si Mswahili, umemnyang'anya akili ili umpe utambulisho, na msomaji wa mbali ataondoka akidhani watu wa huko ndivyo walivyo.

Nilimwomba mwandishi tuache kusahihisha sentensi. Tulichukua daftari la mistari, tukapiga safu nne kwa kila tukio lenye mazungumzo: lugha gani inasemwa hapa, nani anaielewa, nani haielewi, nani anaelewa lakini hajulikani kuwa anaelewa. Ni kazi ya kuchosha, na ningemshauri yeyote anayeandika kuhusu nchi yenye lugha nyingi aifanye kabla ya rasimu ya pili. Sura baada ya sura, mwandishi alikuta hajui ajaze nini. Hakuwa amewahi kuamua. Kwa msimulizi wake, aliyekuwa maizi, mwenye kuona Nakasero, kile kilima cha Kampala yalipokuwa makao ya usalama wa Amin, na Entebbe na Masaka kwa wakati mmoja na kuingia kichwa cha kila mtu, swali la nani anaelewa nini halikuwepo. Msimulizi wa namna hiyo anaelewa kila lugha, kwa hiyo kila lugha inafika kwetu ikiwa imeshasawazishwa. Ndiyo maana wahusika wote walikuwa na sauti moja: wote walikuwa wakipita katika sikio moja lisilo na mahali pa kusimama.

Safu ya nne ndiyo iliyogeuza riwaya. Tulipofika kwenye kizuizi, mwandishi aliandika upesi kwamba askari wanaongea Kiswahili na Salongo hakielewi. Kisha akanyamaza, akarudi nyuma kurasa nyingi hadi sura ya duka. Salongo alishona miaka kadhaa kwenye duka la Mhindi, na madereva wa Mombasa wakileta majora pale. Mtu huyo hawezi kuwa hajui Kiswahili. Anajua hesabu zake, vipimo vyake, matusi yake, mapatano yake. Basi kwa nini kizuizini anajibu maneno mawili tu? Mwandishi alilijibu mwenyewe, akilitazama daftari: anaficha.

Rasimu ya tatu ya tukio hilo ni hii, na sasa anayesimulia ni binti:

"Walitushusha wote, wakatupanga kando ya basi. Yule mrefu alimwambia baba maneno mengi, nami nikaokota mawili tu, kipande na leta, maana hayo kila mtoto wa Masaka aliyajua. 'Ndiyo, afande,' baba akasema. 'Ndiyo, afande.' Baba yangu, ambaye kwenye kikao cha ukoo aliweza kusema tangu asubuhi hadi jua la utosi bila kurudia neno. Yule mrefu akamgeukia mwenzake, akasema kitu bila haraka, kama watu wanaozungumzia mvua. Baba akaushusha mkono wa kanzu yake, polepole, mpaka saa ikafunikwa."

Binti hajui kwa nini mkono wa kanzu umeshuka. Msomaji anahisi kuna jambo. Ni kurasa kadhaa baadaye, anayesikiliza hadithi anapouliza walisema nini, ndipo tunaambiwa: "Hii mzee iko na saa mzuri. Ngoja wengine wapande." Hakuna "kwa ukali", hakuna "kwa hofu". Na tumejifunza kuhusu Salongo jambo ambalo binti yake bado hajalijua.

Kutoka hapo hadithi ilijifungulia njia yenyewe. Katika rasimu za awali bakombozi walifika kijijini katika mistari michache isiyo na uzito. Sasa ndiyo sura ndefu kuliko zote. Kijana mwenye sare, vumbi hadi kwenye kope, anasimama uani na kusema: "Shikamoo, bibi. Tunaomba maji ya kunywa." Jjajja anasikia lugha ya kizuizini, anaganda. Salongo anatokea migombani, anamwambia mama yake kwa Luganda kwamba kijana anamsalimu na ana kiu, kisha anamgeukia kijana na kuongea naye, moja kwa moja, habari za njia na za mto na za nani yuko wapi. Binti anamtazama baba ambaye muda wote alikuwa na lugha nyingine mfukoni. Na anasikia kwa mara ya kwanza kwamba lugha ileile inaweza kuomba. Baada ya siku chache mji unabomolewa na jeshi la vijana hao hao waliosalimia vizuri, na mwandishi, kwa sifa yake, hakulipunguza hilo makali.

Sasa niseme kuhusu nafasi ya msimulizi, maana ndiyo hoja yangu. Kumpa binti usimulizi kwa nafsi ya kwanza kulileta swali gumu zaidi: Muganda wa Masaka anasimulia kwa Kiswahili kwa nini? Hili haliwasumbui waandishi wote, na si lazima liwasumbue. Kitabu chaweza kuwa katika lugha fulani kwa sababu tu ndiyo lugha ya mwandishi. Lakini katika kitabu ambamo kila mlango unafunguka au kufungwa kwa lugha, msimulizi naye lazima ahesabiwe kwenye safu zile nne. Mwandishi alipata jibu lililo jepesi na la kweli. Binti sasa ni mama mtu mzima, amefanya biashara miaka mingi Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, na mwanawe ameoa msichana wa Morogoro. Anamsimulia mkwe wake. Mkwe hajui Luganda, na ndiye anayeuliza maswali ambayo Muganda asingeuliza.

Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, aliijua nguvu ya jambo hili ya kuwa na msikilizaji. Utenzi wake wa Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na kwa Kiacholi mwaka 1969, umesimama juu ya ukweli kwamba Lawino ana mtu wa kumwambia: mara mumewe, mara watu wa ukoo wake. Waondoe wasikilizaji hao na malalamiko yake yanageuka insha kuhusu utamaduni. Upande wa lugha, nilimpa mwandishi asome Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeikamilisha riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha yeye mwenyewe akaitia katika Kiswahili kilichochapishwa 1980. Mle ndani watu wa ziwa wanasalimiana, wanaposa na kugombana kwa utaratibu wao wote, na Kiswahili kinanyooka kuwabeba; hawavunjiki wao kukifuata.

Hiyo ndiyo kanuni tuliyoishika. Luganda ya nyumbani huandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka, kizuri kadiri mwandishi anavyoweza, chenye mwendo wa Kiganda ndani yake. Kiswahili halisi kilichosemwa siku ile huandikwa kama kilivyosemwa, kimevunjika au kimenyooka kulingana na msemaji. Mabano yote yakafutwa. Binti hamwambii baba yake "shikamoo", kwa sababu hakuna mtoto wa Masaka aliyesema hivyo mwaka 1979. Anapiga magoti, na maamkizi yanafuata kwa urefu wake, habari za kulala, za watu wa nyumbani, za kazi, hadi msomaji ayazoee. Methali ndizo zilizotuletea ubishi. Waganda husema kamu kamu gwe muganda, yaani kimoja kimoja ndicho kinachofanya fungu. Msaidizi mmoja aliyesoma rasimu alitaka iwe "haba na haba hujaza kibaba", kwa kuwa maana ni moja. Nilipinga, na bado napinga. Jjajja hapimi nafaka kwa kibaba, anafunga kuni. Katika mswada sasa anasema, "Kimoja kimoja ndio mzigo, mwanangu," na msomaji yeyote aliyewahi kubeba kuni anaelewa bila msaada.

Gharama ilikuwa kubwa na mwandishi aliilipa kwa machozi. Sura ya Entebbe, Julai 1976, usiku makomando wa Israeli walipowaokoa mateka uwanja wa ndege, ilikuwa mojawapo ya zile alizozipenda zaidi, imeandikwa kwa kasi na kwa ujuzi. Binti wa miaka minane akiwa Masaka asingeona lolote la usiku ule. Ikaondoka yote, pamoja na sura mbili za Nakasero na mawazo yote ya ndani ya Salongo. Kilichobaki cha Entebbe ni watu wazima dukani wakiongea kwa sauti ya chini, na radio inayozimwa mteja asiyejulikana akiingia. Naamini ukurasa huo mmoja una nguvu kuliko sura nzima iliyokatwa, ingawa sitamlaumu mwandishi akiitunza sura hiyo kwa kazi nyingine. Mswada umepungua karibu theluthi. Katika hatua hii waandishi wengi wa riwaya ya kwanza huacha, kwa sababu utafiti uliokusanywa kwa shida unaonekana kutupwa. Haukutupwa. Yeye asingeweza kuiandika radio ile inayozimwa kama hangejua kwanza kila kitu kilichokuwa kikitangazwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote niliyoyaeleza. Nyumba ya tatu kutoka kwa Salongo anaishi mama Mnubi, mke wa koplo. Kwenye daftari letu ndiye peke yake anayejaza safu ya wanaoelewa katika kila tukio: Kinubi chake, Kiswahili, Luganda ya jirani. Baada ya Amin kuanguka Wanubi wengi waliandamwa na kuuawa kwa kisasi, na wengine wakakimbilia nje ya nchi, hata wale ambao hawakuwa wamegusa bunduki. Katika rasimu zote tatu mama huyu ana matukio mawili mafupi, kisha anatoweka bila maelezo. Nilimwambia mwandishi kwamba hadithi inamdai sura. Alijibu kwamba hao ni watu wa mama yake na hajawa tayari. Sikumsukuma.

Wiki chache baadaye aliniletea mwanzo wa sura hiyo. Watu wamepanga foleni ya chumvi, Machi 1979. Mama Mnubi yumo, amefunga gomesi ambayo si yake, na kila anayepita anamsemesha ili asikie matamshi yake. Binti yupo nyuma yake na anamjua. Safu ya nne imejazwa majina mawili. Mwandishi bado hajaamua kama binti atamsalimu au la, na ameniambia mswada hautakwenda kwa mchapishaji yeyote kabla hajaliamua.